Jina Moja kwa Wimbo wa Mwisho

Sogeeni karibu, ila msisukumane. Mtajua kwa nini. Nawaletea Mzee Semkiwa, mwimbaji wa Mnazi Mkinda Jazz, bendi ya Muheza, na watu watatu waliomweka njia panda.

Wa kwanza ni Kihiyo, fundi viatu, kiziwi tangu utotoni. Huyo ana macho! Akikutazama usoni tu anajua umeamkaje nyumbani kwako. Wa pili ni Bi Mwantumu, msimamizi wa lango la tamasha. Hasahau mtu. Ukija mara moja, mwakani anakuuliza hali ya goti lako. Wa tatu ni Zamda, mpiga dramu. Vijiti alirithi kwa babu yake, na kila mdundo uliowahi kupigwa na bendi hiyo umo mikononi mwake.

Zamani dansi la Mnazi Mkinda lilichezwa ukumbini, watu mia mbili, wote wanajuana. Ah, siku zile! Suruali za bugaluu zilizopigwa pasi, viatu vinavyong'aa, na mtu akikukanyaga anakuomba radhi. Likifika chemko, pale gitaa linapokolea, Semkiwa huita, "Njooni mbele!" na ukumbi mzima humjia. Wimbo wa mwisho ulikuwa na nafasi ya jina moja, la mtu aliyestahili shukrani kuliko wote. Ujanani aliwahi kumtaja muuguzi mmoja, Mwanahawa. Mwanahawa alishafariki, lakini wimbo ule ukipigwa wajukuu zake huacha sahani wakasimama.

Miaka ikapita, dansi likawa tamasha, na ukumbi ukawa uwanja wa watu elfu tano. Mbele kushoto paliwekwa uzio kwa wenye viti vya magurudumu, wazee, na kina mama wenye watoto, ili nao waone. Mwaka huo Mzee Semkiwa alikuwa anaaga, kifua hakimpi tena pumzi. Jioni, jua bado lipo, likafika chemko. Akafumba macho, akauona ukumbi wake wa zamani, na maneno yakamtoka: "Njooni mbele!"

Wakaja, wote elfu tano.

Kihiyo alikuwa amesimama juu ya kreti karibu na uzio. Muziki haukumchukua, kwa hiyo yeye peke yake aliziona nyuso za waliobanwa mle ndani ya uzio: midomo iko wazi, lakini hawaimbi. Akapandisha kitambaa chekundu, akakipunga kuelekea jukwaani na langoni. Bila yeye, watu wangejua siku uzio umeshaanguka.

Zamda akakiona. Angekata ngoma ghafla, watu wangetaharuki wakakanyagana. Hakukata. Aligeuza mdundo, akapiga Vuta Nyuma, mtindo wa bendi wa enzi za babu yake: hatua mbili nyuma, moja mbele. Wazee waliochanganyika na umati miguu yao ikakumbuka yenyewe, vijana wakawaiga, na umati mzima ukarudi nyuma unacheka, haujui umeepusha nini.

Bi Mwantumu naye alikiona kitambaa kile. Uzio ule ulikuwa na kilango cha ubavuni, na kwa miaka sita alikuwa akigombana na wauza chipsi waliotaka kuweka majiko pale. "Njia haipangishwi," huwaambia. Basi siku hiyo njia ilikuwa nyeupe. Akafungua, akaita kwa majina: "Mama Shedafa, mshike mwanao mkono! Babu Kilua, tangulia na kiti chako, polepole!" Mtu akiitwa jina lake, akili humrudi. Wakatoka wote wazima, kikapotea kiatu kimoja tu.

Bendi ikapumzika, na nyuma ya jukwaa Mzee Semkiwa akajilaumu mbele ya wale watatu: "Nusura niwaue, jamani."

"Hujaua mtu, kaka. Kaimbe ule wimbo wa mwisho," akasema Bi Mwantumu. "Na jina liwe la Kihiyo. Bila kitambaa chake ningekuwa bado nachana tiketi."

Kihiyo akakataa kwa mikono: kitambaa hakirudishi mtu nyuma. Akamnyooshea kidole Zamda.

"Mimi niliwarudisha waliosimama," akasema Zamda. "Waliokwama ndani ya uzio alowatoa ni Shangazi Mwantumu."

"Tusidanganyane," Bi Mwantumu akacheka. "Kila mmoja wetu analitaka jina hilo."

Kweli walilitaka. Kihiyo asingelisikia, lakini angeliona midomoni mwa watu elfu tano. Babu yake Zamda alipiga ngoma miaka thelathini bila kutajwa hata mara moja, na mjukuu aliliona hilo kama deni. Na Bi Mwantumu, ajuaye majina ya watu wote, wengi humwita tu "yule mama wa getini".

"Basi wataje wote watatu," mpiga gitaa akashauri.

"Hapana," akasema Mzee Semkiwa. "Wimbo ule ni wa jina moja. Nikitaja watatu, nimesoma kamati ya harusi."

Akapanda jukwaani, macho yamemlowa, maana aliwapenda wote na kosa lilikuwa lake. Gitaa limeshafika kwenye nafasi ya jina. Kifuani imebaki pumzi moja, na chini Kihiyo na Bi Mwantumu wanamtazama mdomo, huku nyuma yake Zamda ameinua vijiti, anasubiri.

Je, wewe ungemtaja nani?