Beki Aliyetaka Kuumaliza Mpira Peke Yake

Wapendwa, kabla sijaendelea na mahubiri niwaulize wanaume wa upande huu, na kina mama mliocheza shuleni msijifiche: wangapi hapa mmewahi kupangwa beki wa pembeni? Naona mikono michache. Si ajabu. Wengi wetu tulitaka kuwa washambuliaji, maana mshambuliaji ndiye anayebebwa mabegani. Beki wa pembeni hukumbukwa siku aliyopitwa tu. Basi leo nisikilizeni habari za beki mmoja wa pembeni. Tumwite Fanuel.

Fanuel alikuwa akifanya kazi kwenye mashine ya kupasua mbao, mtu wa huku huku kwenye baridi yetu, mikono migumu, maneno machache. Jioni alicheza beki wa kushoto katika timu ya kijiji chao. Na beki wa kati, yule aliyesimama karibu naye kuliko mchezaji mwingine yeyote, alikuwa Obadia, kaka yake wa tumbo moja.

Sasa hao ndugu wawili walikuwa hawasemeshani. Mpira ukiwa miguuni kwa Fanuel, na Obadia yuko peke yake bila adui, Fanuel angeurudisha mbali kwa kipa kuliko kumpa kaka yake. Baada ya mazoezi mmoja alivulia viatu huku, mwingine kule. Wachezaji wenzao walishazoea, wakaacha hata kuwatania juu ya jambo hilo.

Ilikuwaje? Ilikuwa juu ya baba yao.

Mzee aliugua kifua. Wakati huo Obadia alikuwa kibarua kwenye mashamba ya chai, Mufindi. Fanuel ndiye aliyebaki nyumbani. Alimbeba baba yake mgongoni kumshusha mpaka barabarani, akampandisha kwenye pikipiki, akamfunga kwa kitenge cha mama asije akadondoka, akampeleka zahanati, akarudi naye, na wiki iliyofuata akaanza upya. Usiku alilala chini, ubavuni mwa kitanda cha mzee. Mama akamwambia, "Mwanangu, mwite kaka yako msaidiane."

"Bado, mama," Fanuel akajibu. "Namudu."

Simu anayo mfukoni, na kupiga anaweza. Kwa nini hakupiga? Mnajua kwa nini, msijifanye hamjui. Tangu wakiwa wadogo, sifa za nyumba ile zilikuwa za Obadia. Obadia ana akili, Obadia ana heshima, Obadia ndiye mkubwa. Hili la kumponya baba Fanuel alitaka liwe lake. Mzee ainuke, atembee, na watu waseme ni nani aliyemwinua.

Mzee hakuinuka. Obadia alipigiwa simu baba akiwa ameshakata roho, akafika kaburi limeshachimbwa. Akasimama karibu na jeneza, akamtazama mdogo wake kwa muda mrefu, asiseme neno. Kimya kile Fanuel alikisikia kama tusi. Moyoni akasema: nilipokuwa nabeba hakuwepo, leo anakuja kunitazama namna hii? Tangu siku hiyo neno halikupita kati yao. Obadia aliacha kazi ya chai, akarudi kijijini, akapanga chumba ng'ambo ya bonde. Akarudi na kwenye timu. Kocha hakuwa na mabeki wengine wa kueleweka, akawapanga wote wawili, bega kwa bega.

Ikaja fainali ya kata, na kijiji cha jirani. Mama yao hakuwahi kutazama mpira maishani mwake. Siku hiyo alijifunga kitenge, akaenda mpaka uwanja wa shule, akakaa kwenye nyasi zenye umande. Jirani yake akashangaa.

"Mama Obadia, umeanza kupenda mpira lini?"

"Siupendi," akasema yule mama. "Ila ndipo mahali pekee palipobaki ninapoweza kuwaona wote wawili kwa pamoja."

Wapendwa, mnamwona mama huyo? Amezaa watoto wawili, na ili awaone pamoja lazima akakae uwanjani na mashabiki.

Wale wa kijiji cha jirani walikuwa na winga mmoja wa kulia, kijana mwembamba, miguu kama ya swala. Mchezo wake ulikuwa mmoja tu na kila mtu aliujua. Anapokea mpira, anakimbia kwa nje, ananyoosha na mstari wa pembeni mpaka mwisho, anapiga krosi, wenzake wanafunga. Vijiji vyote vya kata vilikuwa vimelizwa na mbio zile za nje. Na upande anaokimbilia ndio upande wa Fanuel.

Kocha alikuwa amemweleza tangu mazoezini. Usiufukuze mpira. Simama kwa nje yake, upande wa mstari, ufunge njia ile. Mwachie ya ndani tu. Fanuel akaitikia kwa kichwa. Lakini mpira ulipoanza, na yule kijana akamjia na mpira wake mguuni, Fanuel aliona kitu kimoja tu: mpira. Akauendea. Akajitupa kwa mguu mzima aunyang'anye. Kijana akausukuma kwa nje, akaruka, akaenda zake. Krosi. Goli.

Upande mzima wa wageni ukalipuka. Fanuel akanyanyuka, jezi imejaa tope, hasira zimempanda. Akaapa mara hii hatapitwa. Na kwa sababu ameapa, alikwenda kwa nguvu zaidi, na kwa sababu alikwenda kwa nguvu zaidi, alipitwa kwa urahisi zaidi. Krosi. Goli la pili. Obadia alikuwa amesimama kati, mahali pake, mikono kiunoni. Aliona yote. Hakusema kitu.

Wakati wa mapumziko kocha alimvuta Fanuel kando, nyuma ya darasa.

"Nani amekutuma uchukue mpira?"

"Si ndiyo kazi ya beki, kocha?"

"Si kazi yako wewe. Yule huwezi kumshinda mbio, mimi najua, wewe unajua, na yeye anajua. Kazi yako ni kumnyima nje. Simama kati yake na mstari. Akiona nje kumefungwa atageuka ndani, na ndani hana mbio, ndani kuna watu. Ndani yuko kaka yako."

Fanuel akatazama chini. Alitamani kocha angesema jina la mtu mwingine yeyote.

"Na kama nikimgeuza ndani, huyo kaka asiwepo?"

Kocha akamtazama. Hakuwa mtu wa kanisa sana kocha huyu, lakini sikilizeni alichosema. "Asipokuwepo, kosa litakuwa lake. Lakini wewe, Fanuel, humpi hata nafasi ya kukosa."

Kipindi cha pili kikaanza. Ukungu ulikuwa umeshuka, na mistari ya maranda ya mbao waliyochora asubuhi ilikuwa imeanza kufifia. Yule kijana akapokea mpira. Akaja. Fanuel alihisi miguu yake ikitaka kwenda yenyewe. Akaizuia. Akarudi nyuma taratibu, akajiweka kwa nje, mgongo wake karibu na mstari, macho kifuani pa yule kijana. Kijana akatikisa bega huku, akatikisa kule. Fanuel hakuujia mpira. Ndani kulikuwa wazi kabisa, njia nzima, na Fanuel aliiona ile njia na akaogopa, maana yeye ndiye aliyeifungua, na mwisho wa njia ile kulikuwa na mtu ambaye hakuwa amesema naye tangu mazishi.

Ndipo akasikia sauti.

"Mlete! Fanuel, mlete kwangu!"

Ilikuwa sauti ya Obadia. Lilikuwa neno la kwanza kutoka kinywani mwake kwenda kwa mdogo wake tangu wamzike baba yao. Fanuel akapiga hatua moja zaidi kuelekea mstari, nje kukafungwa kabisa. Kijana akageuka ndani. Na Obadia alikuwa pale. Akauchukua mpira kwa utulivu, kama mtu anayepokea mzigo mlangoni, akautoa.

Kijana alijaribu tena, akarudishwa ndani, akapokewa. Alijaribu tena na tena. Mbio zile zilizoliza kata nzima zikakosa pa kukimbilia. Kila mara sauti ilikuwa ile ile: mlete, mlete. Timu yao ikapata goli moja, watu wakaanza kuimba, na jirani yake mama akamshika mkono akimwambia, "Tunasawazisha, mama, tunasawazisha!"

Hawakusawazisha. Mwamuzi alipuliza filimbi wakiwa wamefungwa mawili kwa moja, na kombe likaenda kwa jirani.

Najua mlitaka washinde. Hata mimi ninayesimulia natamani wangeshinda. Lakini sikuwaleta hapa kwa ajili ya kombe.

Mpira ulipokwisha, Fanuel alimkuta kaka yake bombani akiosha magoti. Akasimama. Akatafuta la kusema, akapata dogo tu.

"Umecheza vizuri, kaka."

Obadia akaendelea kuosha. Kisha akasema, bila kuinua uso, "Kipindi cha kwanza nilisimama pale pale niliposimama kipindi cha pili."

"Najua."

"Na Mufindi nilikuwepo vilevile, Fanuel. Ungeniita ningekuja hata kwa miguu. Ulinifanya nimkute baba sandukuni."

Maji yakawa yanatiririka bombani bure, hakuna aliyeyafunga. Fanuel alitaka kujitetea, akaacha. Akasema ukweli. "Nilitaka nimponye mwenyewe." Halafu uchungu mwingine ukampanda, ule aliokuwa ameuficha chini ya kiburi chake siku zote, akaendelea. "Lakini na wewe, kaka. Hukuuliza. Mwezi mzima nilikuwa namgeuza ubavu usiku peke yangu, hukupiga simu hata mara moja kusema, baba anaendeleaje? Ulikuwepo, sawa. Ila hukuniita."

Obadia akafunga bomba. Akakaa palepale kwenye saruji iliyolowa, mtu mzima, na akalia.

"Sikuuliza," akasema. "Nilijiambia, kama kuna jambo ataniambia."

Fanuel akakaa chini kando yake. Watu walipita na ndoo, wakawaona, wakaenda kuchota kwingine.

Wapendwa, sasa mnisikilize vizuri. Tangu nilipoanza nimewaona baadhi yenu mkitikisa vichwa kumlaumu Fanuel. Na anastahili. Wapo Fanuel wengi katika usharika huu. Kuna mtu hapa ana jambo linamkimbia kwa nje kila siku. Kwa mwingine ni pombe. Kwa mwingine ni mtoto aliyemshinda, au ni ugonjwa ambao amekataa kumwambia hata mke wake. Analikimbiza peke yake, anajitupa, linampita, anainuka na tope, anaapa, linampita tena. Na ukimwuliza habari gani, atakujibu: namudu. Ndugu yangu, ni nani alikuambia utaumaliza mpira peke yako? Mungu hakukupa kazi hiyo. Alikuambia usimame mahali pako, ulizibie jambo lile njia ya kutokomea gizani, uligeuze lije ndani, kwa ndugu zako, waliko watu. Kinachokuzuia si udhaifu. Kinachokuzuia ni kwamba ndani kuna mtu ambaye hutaki akuone umeshindwa.

Lakini sijamaliza, na hapa ndipo penyewe. Sisi tuliokaa kwenye mabenchi haya kila Jumapili, tuliooga, tuliovaa, sisi ndio Obadia. Tunajisifu kwamba tupo. Mlango wa kanisa uko wazi, kengele inapigwa, mwenye shida si aje? Obadia naye alikuwepo. Kipindi chote cha kwanza alikuwa amesimama mahali panapotakiwa, kwa usahihi kabisa, na mdogo wake alikuwa akiangamia mbele ya macho yake, na yeye ameshika kiuno. Je, kuwepo kwake kulimsaidia nani? Magoli yote mawili yaliingia yeye akiwepo. Hapakubadilika mahali aliposimama. Kilichobadilika ni kwamba alifungua kinywa.

Kwa hiyo tusiseme, kama kuna jambo atatuambia. Hatatuambia. Ana aibu, amechoka, na anadhani tumekaa tukimhesabia kupitwa kwake.

Tazameni benchi la tatu upande wa kina mama, pale dirishani. Tangu Pasaka Mama Sekela hajakaa pale. Wote tumeona. Tumesema ana udhuru, tumesema atakuwa amesafiri, tumesogea tukajaza nafasi. Nani amekwenda kwake? Sioni mkono. Na wangu mimi mchungaji wenu haujainuka.

Leo baada ya ibada, kabla ya chai, nateremka kwake kwa miguu. Njia ina utelezi na nyumba iko mbali. Sitaki kwenda peke yangu.