Hereni ya Bi Tusajigwe

Bwana Kajubi, tajiri wa malori, aliingia uani kwa Bi Tusajigwe na mashine yenye antena mbili, aliyodai inanusa dhahabu toka mbali. Antena zikaigeukia nyumba ya mjane huyo. Tajiri akamwambia mbele ya mwenyekiti wa kijiji, "Mama, umelalia dhahabu. Hama tuchimbe."

Bi Tusajigwe aliitazama mashine kama anayetazama samaki aliyeoza.

"Bosi, nimeficha hereni yangu ya dhahabu humu humu uani. Mashine ikiipata, nahama leo. Ikishindwa, usinikanyagie tena hapa."

"Nakubali. Mwenyekiti, wewe ni shahidi."

Tajiri akazunguka ua mzima. Antena ziliyumba, kisha zikatulia kwenye banda la kuku.

"Ipo hapa. Haijawahi kukosea."

Akaingia bandani na kufukua kwa mikono yake mpaka suti ikajaa mavi ya kuku, asipate kitu.

"Hakuna hereni hapa, umetudanganya," akafoka.

Bi Tusajigwe akafunua mtandio. Hereni ilikuwa sikioni.

"Ipo, bosi. Ulipozunguka ukafika niliposimama, uliniambia nisogee nisiizibe mashine njia."

Mwenyekiti akamfungulia tajiri geti.