Shoka la Mbwera

Sogeeni karibu, kisa kimefika.

Zimwi lilimpa mkulima Mbwera shoka linalokata lenyewe. Akasema, "Kata!" Shoka likafyeka kichaka, likarudi. Akapata shamba. Akasema tena, "Kata!" Likafyeka migomba ya jirani, likarudi. Shamba likapanuka.

Mara ya tatu mkewe, Nasike, akamshika mkono. "Baba Tindi, msitu ule ndio unaotunza chemchemi. Tutakunywa nini?"

"Kata!"

Msitu ukaanguka, chemchemi ikakauka, na shoka halikurudi. Likageukia nyumba. Mbwera akapiga kelele, "Basi! Basi! Basi!" Shoka halikulijua neno hilo.

Nasike akambeba mtoto, akawaongoza majirani kuvuka bonde.

"Nisubirini!" Mbwera akalia.

"Sisi tunatafuta maji," Nasike akajibu. "Wewe baki na shamba lako."

Kisa nimekiweka hapa. Atakaye na akichukue.