Alama Tatu, Chumba Kimoja

Haya, sogeeni. Yule anayependa kukata hukumu kabla hajasikia shauri akae mbele kabisa, nimwone vizuri. Hadithi hii ina watu watatu na chumba kimoja, na chumba chenyewe kina kitanda kimoja.

Watu hao waliishi huko Rungwe, kunakonyesha mpaka mtu anasahau vumbi lina rangi gani. Wa kwanza ni Tusekile, na kipaji chake kilikuwa mikono. Mama yake alikuwa mfinyanzi wa Kikisi kando ya Ziwa Nyasa, na Tusekile alifinyanga vyungu hata kabla hajang'oka meno ya utoto. Wa pili ni Gwakisa, mwalimu wa ngoma, mtu mzima wa miaka hamsini na minane, na kipaji chake kilikuwa mwili. Akikuona ukitembea hatua tatu tu, atakuigiza mpaka mkeo acheke. Wa tatu ni Subilaga, binti wa miaka kumi na tisa, na kipaji chake kilikuwa sikio. Ukisema neno mbele yake leo, mwakani utalisikia kwenye mchezo wa kuigiza, na utaona haya.

Tusekile ndiye aliyekuwa mkuu wao. Miaka kumi na mmoja nyuma aliomba ghala la kahawa ambalo chama cha ushirika kilikuwa kimelitelekeza, akafagia kinyesi cha popo, akaanzisha shirika la kufundisha vijana maigizo, ngoma na uchoraji. Shirika lina jina refu kwenye cheti cha usajili, lakini vijana waliliita Ghalani. Lilikuwa dogo: mkuu ndiye katibu, ndiye mfagizi, ndiye mwandishi wa ripoti za wafadhili, na ripoti zilikuwa nyingi kuliko wafadhili. Mwaka wa pili udongo wake ulikauka kwenye ndoo, akaumwagia maji. Mwaka wa tatu hakuumwagia. Tangu hapo hakufinyanga hata kikombe. Wakati mwingine mvua ilipobomoa ukingo wa barabara na udongo ukaonekana, alisimama pale na mkoba wake, akatazama, mpaka vijana wakamuuliza amepoteza nini.

Pale Ghalani palikuwa na desturi moja, na aliyeiweka ni yeye mwenyewe. Hakuna kuandika jina kwenye kazi. Kila aliyeigusa alichovya kidole gumba kwenye rangi, akapiga alama pembeni, basi. "Siku mkianza kuandika majina," aliwaambia, "mtaanza kunyimana mawazo."

Sasa mwaka jana chama kikalikumbuka ghala lake. Wanachama wakaitwa kwenye mkutano mkuu wapige kura: liuzwe, au libaki kwa vijana. Ghalani ikapewa robo saa kabla ya kura, ionyeshe inachofanya.

Subilaga alifanya hivi. Bibi yake aliwahi kuchambua buni humo humo ghalani, yeye na wanawake wenzake. Subilaga akakaa naye wiki tatu, wakimenya ndizi, akisikiliza. Akasikia walivyokuwa wakiimba ili msimamizi asijue kwamba wanasengenyana. Akasikia habari za aliyejifungulia kati ya magunia, akarudi kazini siku ya nne. Akaandika mchezo. Bila Subilaga, vijana wangesimama pale na ngonjera ya kukaribisha wageni, watu wangepiga makofi ya adabu, na ghala lingeuzwa.

Tusekile naye alifanya hivi. Aliomba daftari la wanachama, akakuta majina ya wanawake wale bado yamo. Walikuwa wanachama halali kabisa, ila kwa miaka ishirini hakuna aliyewapelekea barua ya mkutano. Akavaa mabuti, akapanda vilima na kuvishuka mwezi mzima, nyumba kwa nyumba, akawapata kumi na saba walio hai. Mmoja alikuwa haoni, akasema yeye wa kazi gani. "Kunyoosha mkono hakuhitaji macho, mama," Tusekile akamjibu. Bila Tusekile, wangepiga kura wale wale waliotaka kuuza.

Na Gwakisa? Siku ya mkutano, saa nne asubuhi, mchezo haujafika hata nusu, mvua ikashuka juu ya bati. Mnaijua mvua ya Rungwe juu ya bati: ukitukanwa utashukuru. Maneno yote ya Subilaga yakapotea. Vijana wakabaki wanapanua midomo, na mwenyekiti akaanza kutazama saa. Gwakisa akainuka, akachukua ungo, akaanza kuchambua buni ambazo hazipo. Kiuno, bega, vidole, kichwa kuinama msimamizi anapopita, kama alivyowaona akina mama utotoni. Vijana wakaacha kupiga kelele, wakamfuata. Bibi mmoja akainuka kwenye benchi, akaingia kwenye mstari. Akaja wa pili, na yule asiyeona akashikwa mkono akaletwa. Bila Gwakisa, mchezo ungefia pale pale.

Kura zikapigwa, ghala likabaki, na watatu hao waliobeba mchezo wakapiga alama zao za gumba kwenye bango lake. Hapo ningeishia, tukapeana heri, kila mtu akaenda kulala na furaha yake. Lakini siku ile alikuwapo mgeni, mama mmoja anayetunza nyumba ya wasanii huko pwani. Baada ya wiki mbili akaandika barua.

"Nina chumba kimoja," alisema, "kwa miezi sita, na chakula, na hakuna kazi yoyote isipokuwa ile sanaa yako mwenyewe. Nakitoa kwa mwenye mchezo ule. Nilipiga picha bango lenu, lakini sioni jina, naona alama tatu za vidole. Jazeni hiyo fomu, jina moja. Msiniambie mtapokezana. Niliwahi kukubali hivyo, wakagombana hadi leo."

Tusekile aliwasomea barua wenzake kwa sauti, akaikunja.

"Aende mtoto," Gwakisa akasema, upesi mno. Akajikuna goti. "Hapana, nisiseme uongo. Nataka kwenda mimi. Magoti haya yamebakiza mwaka, labda miwili. Nina ngoma za marehemu baba ambazo sijamfundisha mtu, kwa sababu kila siku nafundisha za kupokelea wageni. Mwili ukikataa, zimekwisha."

Subilaga hakuinua macho. "Mwalimu, mimi mjomba kanitafutia kazi ya duka kule Mbeya. Naanza mwezi ujao. Nikishaingia dukani sitaandika tena, najijua. Nyie angalau mna mliyoyafanya. Mimi nina robo saa tu, na yenyewe ilimezwa na mvua."

"Na wewe, mama?" Gwakisa akamgeukia Tusekile.

Tusekile akafungua mdomo aseme lile wanalosema wakuu wote, kwamba yeye hana shida, shirika kwanza. Maneno yakakataa kutoka.

"Naota nimeshika udongo," akasema. "Naamka mikono imekunjwa hivi. Nina hamu, jamani. Nina hamu mpaka naona aibu."

Kisha Subilaga akauliza, polepole, "Ukiondoka, mama, Ghalani ataiendesha nani?"

"Sijui. Labda nyinyi. Labda itafungwa."

Kupiga kura kusingesaidia, kila mtu angejipigia yake. Mwishowe Gwakisa akasema, "Mkuu ni wewe. Andika wewe. Hata ukijiandika, hatutakununia."

"Mtaninunia."

"Kidogo tu," Subilaga akasema. Wakacheka wote watatu, halafu Subilaga akalia.

Sasa ni asubuhi, Tusekile yuko mezani na ile fomu. Akimwandika Subilaga, watu watamsifu, na yeye atarudi kwenye ripoti. Sifa za namna hiyo anazo nyingi, na hakuna hata moja iliyowahi kumtuliza mikono. Akimwandika Gwakisa, atakuwa ameokoa ngoma za marehemu na kumwacha binti aende dukani. Akijiandika mwenyewe, atakuwa mkuu aliyewafundisha vijana kuficha majina, kisha akatoa lake. Na hata hivyo anataka kwenda. Anataka sana.

Ameandika tarehe. Ameandika jina la shirika, lote, refu kama lilivyo. Umebaki mstari mmoja. Fomu inaondoka na basi la saa tatu, bodaboda wa kuipeleka stendi amesimama mlangoni, injini inanguruma, na ameshapiga honi mara mbili. Tusekile amemaliza kuwasikiliza wenzake na kujisikiliza, sasa anawasikiliza nyinyi.

Haya, wewe wa mbele, uliyekuwa na haraka ya kuhukumu. Na nyinyi wengine pia. Mwambieni: aandike jina la nani?