Ghorofa ya Fundi Kima

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa wa nyumba ya mbao: ukikohoa chini, wa juu anakuambia pole.

Hapo zamani za kale, Kima alikuwa fundi. Akajenga ghorofa ya mbao. Akaipiga randa, akaipaka vanishi, ikang'aa hata nzi akitua anateleza. Wanyama wakaja kutazama. Wakasema, "Lo! Nyumba!"

Chini akahamia Bi Kanga, anaatamia mayai. Juu akahamia Punda.

"Fundi," Bi Kanga aliuliza, "kelele za juu hazishuki?"

"Hazishuki. Katikati nimeshindilia nyasi na udongo. Hata tembo akicheza ngoma huko juu, wewe utajua kwa kuambiwa."

Punda akaingia kwake. Ko! Ko! Ko! Bi Kanga akaruka kutoka kwenye mayai. Akarudi. Ko! Ko! Ko! Akaruka tena. Mayai yakaanza kupoa.

Akagonga dari kwa mpini wa ufagio. Gong! Gong!

"Bwana Punda, una nini na mimi?"

"Nimekwenda kunywa maji, jirani."

"Kunywa maji ndiyo hivyo? Na ukioga?"

Punda akaona ametukanwa. Wakanuniana. Bi Kanga akanong'ona kwamba Punda hana malezi. Punda akasikia, akajibu kwa kunong'ona. Naye akasikika.

Asubuhi moja Punda akasikia kilio chini. Kwi, kwi, kwi. Bi Kanga ameshika yai, analia, "Limekuwa baridi kama jiwe!" Punda akaingiwa na huruma. Akasimama palepale alipokuwa, hakuinua hata kwato moja. Akasimama, akasimama, mpaka miguu ikavimba.

"Jirani," akaita taratibu, "nikisogea utaniwia radhi? Miguu inaniuma."

Bi Kanga akatazama dari. "Umesimama tangu asubuhi kwa ajili yangu?"

"Ndiyo."

"Na bado nasikia unavyopumua. Hapa pana jambo. Ng'oa ubao."

Punda akauma ubao wa sakafu, akavuta. Kraa! Wakatazamana uso kwa uso. Katikati hapakuwa na nyasi. Hapakuwa na udongo. Palikuwa na upepo tu.

Wakamwita Kima. Kima akachungulia, akajikuna kichwa. "Nafasi hiyo ni ya nyumba kupumua."

"Nyumba inapumua," akasema Bi Kanga. "Yai langu halipumui."

Kima akasema anakwenda kuleta nyasi. Akaenda. Hakurudi. Nasikia anajenga ng'ambo ya mto.

Basi Punda akakata nyasi, Bi Kanga akakanda udongo, wakashindilia wenyewe. Mayai yaliyobaki yakaanguliwa. Vifaranga wakalia kutwa kucha, na Punda huko juu hakusikia kitu. Ikawa kila siku lazima ashuke kuwaona.

Sikilizeni, wakubwa kwa wadogo: jirani akikukosesha raha, kagua dari kwanza, ndipo umkague jirani.

Hadithi yangu imeishia hapo. Ambaye hakuisikia, nyumba yake imejengwa vizuri.