Kuni Zilizobaki

Leo sicheki na mtu. Na wewe uliyekaa karibu na mlango unachungulia simu, iweke mfukoni unisikilize.

Baba mmoja alitaka kuwajengea watoto wake nyumba ya matofali. Walikuwa wanaishi kwenye kibanda cha nyasi, mvua ikinyesha hakuna pa kulala. Mkewe, na ujauzito wake, alichota maji ya kukandia udongo kiangazi kizima. Wakafyatua matofali, wakayaanika, fundi akaja kuwapangia tanuri. Akamwambia yule baba: "Chochea kuni usipumzike. Usizibe midomo ya tanuri mpaka uone moto umetokea juu. Kuni nimezikadiria mwenyewe, zinatosha."

Akachochea. Moshi ukamtoa machozi, mgongo ukagoma kunyooka. Akitazama juu, haoni moto. Anachochea tena, anatazama tena, moshi mtupu! Majirani wanapita: "Baba Tuli, bado tu?" Akakata tamaa. Akachota tope, akaziba midomo ya tanuri.

Mkewe akamkuta ananawa mikono.

"Baba Tuli, moto umetokea juu?"

"Nimechoka, Mama Tuli. Mungu anaona nilivyojitahidi. Atamalizia yeye."

Mnaguna nini? Si ndiyo maneno yenu hayo?

Tanuri likapoa, wakalifungua. Matofali ya chini mekundu, safi kabisa. Ya juu, na ndiyo yaliyokuwa mengi, udongo vilevile. Kabla hawajajua wafanye nini, mvua ya kwanza ikashuka. Jasho la kiangazi kizima likawa tope mbele ya macho yao. Yule baba akapiga magoti kwenye tope lile akalia kwa sauti: "Ee Mungu, nimekukosea nini? Mbona umeniacha?"

Mkewe hakulia. Alimshika mkono, akamzungusha nyuma ya tanuri, akafunua nyasi. Kuni! Rundo zima, kavu, hazijaguswa.

"Na hizi?" akamuuliza. "Fundi si alikwambia zinatosha?"

Na sisi tutasema nini?

Maana sisi ndio hao! Umeombea ndoa yako, hujaona kitu, ukaacha kuomba. Umemuuguza mama mkwe, hakuna aliyekushukuru, ukamwacha na kinyesi chake. Halafu unakuja hapa mbele unalia kwamba Mungu amekuacha. Amekuacha wapi? Moto hukuuona, sawa, lakini neno lake si ulikuwa nalo? Nguvu aliyokupa umeifunika kwa nyasi, unamtupia lawama yeye! Inaniuma, jamani. Inaniuma kwa sababu nawapenda.

Kuchoka si dhambi. Umechoka? Sema umechoka. Mwite mwenzako akupokee, kaa chini unywe maji, lia kama unataka kulia. Lakini nani alikuruhusu kuziba tanuri?

Najua mnataka kuuliza habari za yule mtoto aliyekuwa tumboni. Alizaliwa kwenye kibanda kilekile, mvua ikimvujia usoni.

Haya, simameni tuombe. Na atakayemwomba Mungu amalizie kazi aliyoiacha yeye mwenyewe kwa uvivu wa imani, leo nitamnyamazisha hapahapa.