Usinichurie, Pimbi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba, mashamba na mashemeji wa kuwasumbua kama sisi, Kifaru alikuwa na dimbwi zuri la matope. Mkewe, Bi Mashavu, ndiye aliyelichimba pamoja naye, mpaka kwato zikapasuka.

Hawakujaliwa mtoto. Kwa hiyo jirani yao Pimbi, kajitu kadogo kenye maneno mengi, kila siku alimsihi Kifaru aandike wosia, mkewe asije akafukuzwa na shemeji zake.

"Usinichurie, Pimbi," Kifaru alimjibu. "Wosia ni kuita kifo. Tena ndugu zangu wana huruma."

Pimbi hakubishana. Alimnong'oneza tu kwamba watu wanasema siku akifa hataliliwa. Loo, hilo lilimchoma! Wakapatana ajifanye maiti, asikie mwenyewe atakavyoliliwa. Bi Mashavu naye akaambiwa alie kidogo.

Puu! Kifaru akajibwaga kwenye mkeka uani. Bi Mashavu akapiga ukunga, akalia kuliko walivyopatana.

Wakaja ndugu zake wawili wakibubujikwa na machozi. Moyo wa Kifaru ukajaa furaha. Lakini machozi hayakufika hata kidevuni: mkubwa aliuliza dimbwi lina kina gani, mdogo akasema ataanza kuoga leo leo. Wakagombea shamba, wakagombea nyumba, wakagombea hata mkeka. Wakauvuta, fyuu, marehemu akabingirika vumbini. Kifaru akauma meno, akazidi kufumba macho.

Bi Mashavu akauliza, "Na mimi je?"

"Shemeji, ulikuja na kanga moja," mkubwa akamjibu. "Ondoka nayo."

Maiti akakaa kitako.

"Pimbi," akasema, "lete kalamu."

Ndugu wakatupa mkeka, wakatoka mbio, kila mmoja na njia yake. Pimbi akaandika: dimbwi, shamba na nyumba ni vya Bi Mashavu. Wazee wawili wakashuhudia, Kifaru akagandamiza wayo wake chini ya maandishi. Kisha akauliza, "Na wosia wako wewe, umeuweka wapi?"

Pimbi akacheka. "Wangu? Usinichurie, bwana."

Mke wa Pimbi, aliyekuwa amekaa pembeni na watoto wao sita, akainuka. Akauokota ule mkeka, akaukung'uta, akautandika vizuri.

"Lala, baba watoto," akamwambia.

Basi wanangu, andikeni wosia mngali hai, maana maiti wa kweli hakai kitako.